Kujenga na Kupaka Rangi Modeli ya Kifaru cha Mark IV: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na karibu kila mtu anayekiona kifaru kilichopo kwenye rafu yangu ya vitabu, kisha akataka kujaribu cha kwake. Nimeyapanga kuanzia kwa mtu ambaye bado hajanunua boksi hadi kwa yule ambaye tayari ana kifaru mezani na amekwama. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Kabla ya kununua

Mark IV ni kifaru gani hasa?

Ni kifaru cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, kile chenye umbo la msambamba ulioinamia mbele, na minyororo inayozunguka mwili mzima kutoka chini hadi juu ya paa. Kaka yake mkubwa, Mark I, aliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916 huko Flers, kaskazini mwa Ufaransa. Mark IV kilifuata katikati ya mwaka 1917, na ndicho kilichotengenezwa kwa wingi zaidi katika familia hiyo: zaidi ya 1,000 vya kupigana, bila kuhesabu vile vya kubebea mizigo.

Kilikuwa na urefu wa mita 8 hivi, uzito wa tani 28, injini ya petroli ya Daimler yenye nguvu za farasi 105, na mwendo wa kilomita 6 kwa saa barabara ikiwa nzuri. Ndani walikaa watu 8, na injini ilikuwa katikati yao bila ukuta wowote wa kuwatenga nayo. Kukiendesha tu kulihitaji watu wanne: dereva, kamanda aliyeshika breki, na wawili nyuma wa kubadilisha gia za minyororo. Naeleza haya mapema kwa sababu modeli nzuri huanza pale unapojua kwamba lile boksi la chuma lilikuwa mahali pa kazi pa watu wanane.

Kwa nini sisi tunasema kifaru na Waingereza wanasema tangi?

Wao walikuwa wanaficha siri. Mashine hizi zilipokuwa zinaundwa mjini Lincoln, Uingereza, katika kiwanda cha William Foster, ilibidi zipewe jina ambalo lisingemshtua jasusi, na watu wakaambiwa ni matangi ya kubebea maji. Jina likaganda. Kiswahili kikatazama ile ngozi nene na namna kitu chenyewe kinavyokwenda mbele bila kujali kilichopo njiani, kikachukua jina la mnyama. Kwa maoni yangu sisi ndio tuliopatia. Sarufi nayo inatusaidia kutofautisha: kifaru wa mbugani *anakula* majani, kifaru cha vita *kinakunywa* petroli.

"Dume" na "jike" maana yake nini?

Ni majina ya Waingereza wenyewe. Dume lilikuwa na mizinga miwili ya milimita 57, mmoja kila ubavu, pamoja na bunduki za rashasha aina ya Lewis. Jike lilikuwa na bunduki za Lewis peke yake, na mabanda yake ya ubavuni, yaani vile vyumba vya silaha vilivyotokeza pembeni, yalikuwa madogo zaidi.

Tofauti hiyo ilionekana wazi tarehe 24 Aprili 1918 huko Villers-Bretonneux, vifaru vilipokutana na vifaru kwa mara ya kwanza. Mark IV mbili jike na moja dume zilikabiliana na kifaru cha Wajerumani aina ya A7V. Risasi za majike hazikuweza kulitoboa bamba la adui, ikabidi yajiondoe yakiwa yameumia, na ni mzinga wa dume uliomsimamisha Mjerumani. Baada ya hapo kwenye Mark V yakaja mahuntha: banda la dume upande mmoja na la jike upande wa pili.

Kwenye boksi la modeli, soma vizuri ni lipi unanunua. Mabanda hayabadilishwi kirahisi kama boksi halikuleta ya aina zote mbili.

Vifaru hivi vilifika Afrika Mashariki?

Hapana. Vita hivyo hivyo vilivyotuachia jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi, vilipiganwa huku kwa miguu ya binadamu. Yalikuja magari ya deraya, lakini kifaru hakikuja. Mahali pa karibu zaidi na sisi ambapo vifaru vya Waingereza vilipigana ni Gaza, mwaka 1917, ambako vilipelekwa vifaru 8. Kwa hiyo ukitaka kukisimamisha kifaru chako chini ya mbuyu, utakuwa unabuni.

Nichukue skeli ipi?

Skeli ni uwiano: 1/35 maana yake modeli ni ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi. Kama ni mara yako ya kwanza na una nafasi mezani, chukua 1/35. Kifaru kitakuwa na urefu wa sentimita 23, vipande vinashikika, na ribiti (vile vichwa vya misumari inayounganisha mabamba) zinaonekana bila miwani. Kwenye 1/72 kinashuka hadi sentimita 11 hivi, na kwenye 1/76 ni pungufu kidogo ya hapo. Hizo ndogo ni nafuu, lakini zinahitaji mkono mtulivu kuliko watu wanavyodhani. Nimeona wengi wakianza na ndogo wakiamini ni rahisi, kisha wakakata tamaa kwenye minyororo.

Boksi la kampuni gani?

Kwa 1/35, Tamiya na Takom ndizo ninazozipendekeza. Ya Tamiya ni dume na inakuja na mota ndogo, kwa hiyo kifaru kinatembea. Vipande vyake vinaingiana vizuri mno, na mwanafunzi wa sekondari anaweza kukimaliza. Takom wana dume na jike katika maboksi tofauti, na wanafaa kwa anayetaka undani zaidi. Emhar ni ya zamani zaidi, inapatikana kwa 1/35 na 1/72, nayo itakudai msasa na subira. Airfix ya 1/76 ni Mark I, umbo la miaka ya 1960, na bado ina mvuto wake.

Ninahitaji vifaa gani?

Vichache kuliko unavyofikiri. Plaizi ndogo ya kukatia waya, au kikata kucha kikali, cha kutenganisha vipande na fremu ya plastiki vinayokuja nayo. Kisu chembamba chenye wembe unaobadilishwa. Msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, ule ule wa mafundi wa kupiga rangi magari. Kibanio cha nyusi. Gundi ya modeli. Brashi tatu. Vijiti vya meno pakiti nzima, maana vinafanya kazi kumi.

Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kwamba gundi za maji maji na makopo ya spreyi yanashika moto, na mara nyingi hayaruhusiwi kwenye vifurushi vya ndege. Agiza rangi za msingi wa maji. Spreyi ya praima (rangi ya kwanza ya kushikia nyingine) tafuta kwenye maduka ya vipuri vya magari hapo ulipo.

Lazima nijue tarehe na mahali kabla ya kuanza?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu angeuliza kwanza. Ndiyo. Chagua kifaru kimoja, siku moja, uwanja mmoja, kabla hata ya kufungua gundi.

Ukiamua "Mark IV dume, Cambrai, asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1917", maswali mengi yanajijibu yenyewe. Mistari ya rangi nyekundu na nyeupe? Hapana, bado haijaanza. Tope hadi paani? Hapana, uwanja wa Cambrai, kaskazini mwa Ufaransa, ulichaguliwa kwa sababu ardhi yake ilikuwa kavu na haijachimbuliwa na mizinga. Lile bunda kubwa la fito juu ya paa (limeelezwa kwenye sehemu ya "Tope, kutu na fito")? Ndiyo, lazima. Ukisema "Ypres, Agosti 1917", huko Ubelgiji, kila jibu linageuka: tope hadi kwenye milango, bunda hakuna.

Asiyechagua hujikuta ameweka kila kitu alichokipenda kwenye picha kumi tofauti, na kifaru chake kinakuwa cha mahali popote.

## Kujenga

Nitumie gundi gani?

Gundi ya modeli ya plastiki, ile nyepesi kama maji. Haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, zinashikana, kisha dawa inaruka na kuacha kipande kimoja. Weka vipande viwili pamoja, vikiwa vimegusana, kisha gusisha brashi kwenye ufa. Gundi itakimbia yenyewe ndani. Kuiona inavyokimbilia kwenye mstari mzima wa bamba ni raha ambayo mpaka leo haijanichosha.

Usitumie gundi ya mabomba ya PVC; ni kali na nzito mno kwa plastiki hii, na bamba litalegea na kupinda. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha nayo huila plastiki. Supagluu itumie tu pale unapounganisha plastiki na chuma au uzi.

Fungua dirisha. Mvuke wa gundi hizi hauna huruma, hasa chumba kikiwa kidogo.

Nianze na kipande gani?

Fuata karatasi ya maelekezo, isipokuwa kwa jambo moja: jenga kuta mbili za minyororo kwanza na uzipime mara tatu kabla gundi haijakauka. Umbo zima la Mark IV linategemea kuta hizo kuwa sambamba. Ukuta ukiegama hata milimita moja, paa halitaingia, na chumba cha dereva kitakaa upande. Mimi huzifunga kwa mpira wa noti na kuziacha zilale usiku mzima juu ya kioo cha mezani.

Nimepiga msasa na ribiti zimefutika. Nifanyeje?

Mark IV ni kifaru cha ribiti. Mabamba yake, yenye unene wa milimita 12 yalipo manene zaidi, yaliunganishwa kwa mamia ya ribiti na bolti, na jicho linaona haraka mstari wenye pengo.

Njia rahisi ni gundi nyeupe ya mbao. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa mahali ribiti ilipokuwa, inua mkono moja kwa moja juu. Tone litakauka likiwa duara. Usijaribu kulitengeneza likishakaa. Kama limekosea, lifute kwa kitambaa chenye maji na uanze tena. Piga mstari kwa penseli kwanza ili ribiti zisipande na kushuka. Zile za kwanza zangu zilikuwa kubwa mno kwa sababu nilichovya kijiti kizima. Ncha tu inatosha.

Kinga ni bora zaidi: bandika utepe wa karatasi juu ya ribiti kabla ya kupiga msasa karibu nazo.

Kuna mianya kati ya banda la ubavuni na ukuta. Nizibe?

Angalia kwanza ni mwanya gani. Kwenye Mark IV halisi mabanda yaliweza kusukumwa ndani wakati wa kusafirishwa kwa treni, tofauti na Mark I ambako ilibidi yafunguliwe kabisa. Kwa hiyo ufa mwembamba kuzunguka banda ni wa haki, uache. Mwanya katikati ya bamba moja, pale nusu mbili za plastiki zilipokutana, huo ni wa kiwanda cha modeli na unazibwa kwa puti, kisha msasa 600.

Minyororo nifanyeje?

Kila upande una takriban vibamba 90, na hapo ndipo subira hupimwa. Kata, safisha, panga kumi kumi kwenye sahani. Usikae kumaliza vyote usiku mmoja. Mimi hufanya ishirini kila jioni huku redio inasema.

Tengeneza minyororo ikiwa nje ya kifaru, ipake rangi peke yake, kisha uivishe mwishoni. Ukiivisha mapema hutaweza kupaka ukuta uliopo nyuma yake. Angalia pia upande: ukingo wa kibamba una mwelekeo, na ukigeuza kimoja utakiona kila siku utakapopita kwenye rafu.

Nijenge ndani pia?

Ukifunga milango yote, hakuna atakayeona chochote. Maboksi mengi ya Mark IV hayana undani wa ndani, na sioni kosa hapo. Kama unaacha mlango wazi, paka weusi usiong'aa ndani na uweke mtu mlangoni. Kivuli kitafanya kazi iliyobaki. Wafanyakazi wenyewe walipenda kuifungua milango kila walipopata nafasi, kwa sababu joto la ndani lilifika nyuzi 50 na moshi wa injini uliwaangusha watu.

## Rangi

Rangi sahihi ya Mark IV ni ipi?

Kahawia isiyong'aa, yenye kuelekea kwenye khaki, rangi moja kila mahali. Kijani cha zeituni ambacho watu wamekizoea kwenye vifaru ni cha vita vya baadaye. Ushahidi bora uliobaki ni kifaru Lodestar III kwenye jumba la makumbusho ya jeshi mjini Brussels, ambacho kimebaki na rangi yake ya wakati ule.

Picha za zamani ni nyeusi na nyeupe, kwa hiyo watu wanabishana juu ya kahawia ipi. Mimi huchanganya rangi za Tamiya, XF-49 (khaki) sehemu tatu na XF-64 (kahawia nyekundu) sehemu moja, halafu naongeza tone la nyeupe kwenye paa, ambako jua hupiga. Ukiiweka karibu na chai ya maziwa iliyokolea majani, inafanana nayo. Rangi ikiwa nyeusi sana, ribiti zote zinapotea.

Lakini nimeona vifaru vyenye mabaka ya rangi nyingi.

Hivyo ni Mark I vya mwaka 1916. Mchoraji Solomon J. Solomon ndiye aliyebuni mabaka yale. Tope lilikuwa linaifunika kazi yake yote kwa siku moja, na jeshi likahamia kwenye rangi moja. Kwa Mark IV usiweke, labda kama ni kilichotekwa (tazama "Naweza kujenga Mark IV ya Wajerumani?").

Mistari myeupe, nyekundu, myeupe huwekwa lini?

Mwaka 1918. Wajerumani walikuwa wameteka Mark IV nyingi na kuzitumia, na Waingereza wakahitaji alama ya kutambuana. Karatasi ya stika kwenye boksi huiweka pamoja na nyingine zote bila kukuambia tarehe, ndiyo maana kosa la kuiweka kwenye kifaru cha Cambrai ni la kawaida sana.

Namba na majina yanafuata utaratibu gani?

Kila batalioni ilikuwa na herufi, na jina la kifaru kwa kawaida lilianza na herufi hiyo. Kifaru D51 kiliitwa Deborah. H45 kiliitwa Hyacinth, ndicho kile cha kwenye picha maarufu kikiwa kimekwama ndani ya handaki la Wajerumani karibu na Ribécourt, tarehe 20 Novemba 1917. Kwa hiyo usichukue namba ya D ukaipa jina la H kwa sababu stika zimependeza.

Brashi au eabrashi?

Eabrashi ni kalamu ya kupuliza rangi kwa hewa, lakini brashi inatosha kabisa. Kifaru hiki kina mabamba bapa na rangi moja; hakuna mabaka laini ya kupuliza. Punguza rangi kwa maji au dawa yake mpaka iwe kama maziwa, paka tabaka tatu nyepesi, na kati ya tabaka na tabaka subiri ikauke kweli. Mtu mwenye haraka hurudisha brashi juu ya rangi iliyoanza kukauka, na hapo ndipo michirizi inapotokea. Eabrashi ukiwa nayo itakuokolea jioni mbili.

Praima ni lazima?

Ndiyo, hasa ukitumia rangi za msingi wa maji, maana bila praima zinabanduka kwa ukucha. Praima ya kijivu ya magari inafaa, kwa sharti kwamba upulize mbali na kwa mikupuo mifupi. Ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ulichokwisha kukitupa. Tina ya magari yenyewe usiipake kwenye plastiki kwa brashi, itaila.

Kabla ya yote, osha vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mafuta ya kiwandani na ya vidole vyako ndiyo maadui wa kwanza wa rangi.

Vanishi imegeuka nyeupe kama ukungu. Nini kimetokea?

Unyevu. Sisi tunaoishi pwani tunaijua hadithi hii: spreyi inapopulizwa hewa ikiwa imejaa maji, dawa inaporuka huipoza hewa, unyevu unaganda kwenye tabaka na kuliacha jeupe. Mimi niliharibu jike zima hivi wakati wa masika, saa moja baada ya mvua kukatika, kwa sababu nilikuwa na shauku ya kukimaliza.

Mara nyingi inaokoleka. Subiri siku kavu, pasha kopo kwenye maji ya uvuguvugu (kamwe si ya moto), kisha pulizia tabaka nyepesi ya vanishi ile ile. Huyeyusha ya chini na ukungu hutoka. Tangu siku hiyo napulizia saa sita mchana wa jua, au natumia vanishi ya maji kwa brashi.

## Tope, kutu na fito

Niweke tope kiasi gani?

Fuata uwanja wako (tazama "Lazima nijue tarehe na mahali kabla ya kuanza?"). Kisha fuata mnyororo. Kwenye Mark IV mnyororo unazoa udongo chini, unaupandisha mbele, unaupitisha juu ya paa na kuumwaga nyuma. Ndiyo maana tope huwa juu ya paa pembeni mwa minyororo, mahali ambapo kwenye kifaru cha kisasa usingeliona. Paa la katikati na kuta za mabanda hubaki safi zaidi. Ukilielewa zunguko hilo, mkono wako utajua pa kuweka tope.

Tope lenyewe natengenezaje?

Chukua udongo mkavu, ukaange kidogo kwenye kikaango kikuukuu ili kuua ukungu na wadudu, kisha uchunge kwa chujio la chai. Changanya na gundi nyeupe ya mbao na matone ya rangi ya kahawia mpaka uwe kama uji mzito. Paka kwa brashi kuukuu.

Angalia rangi. Udongo wetu mwekundu ni mzuri, ila hauko kaskazini mwa Ufaransa. Ardhi ya huko imelala juu ya mwamba wa chokaa, na palipochimbwa mahandaki udongo hutoka kijivu cheupe. Kwangu dawa imekuwa chaki ya darasani: isage, ichanganye na udongo wa kahawia, na unapata ile rangi ya majivu yenye maji ya maziwa.

Tope la zamani lipake kwanza, likiwa jeupe na kavu. La leo lije juu yake, likiwa jeusi kidogo, na tone la vanishi inayong'aa ili lionekane bichi.

Na kutu?

Kidogo sana. Hapa nina msimamo mkali. Kifaru cha mwaka 1917 mara nyingi kilikuwa na umri wa miezi michache tu kilipoingia vitani, na hakikupata muda wa kuoza. Michirizi mirefu ya rangi ya chungwa kwenye kuta ni ya gari lililotelekezwa.

Sehemu tatu zinastahili kutu: bomba la egzosi na saelensa yake juu ya paa, ambavyo moto huviunguza rangi; minyororo, yenye kutu nyepesi ya kahawia kwenye mashimo na chuma kinachong'aa kwenye kingo zinazokanyaga; na minyororo midogo ya kufungia mizigo. Kwenye kingo za vibamba, sugua penseli laini ya 6B. Inatoa mng'ao wa chuma kilichosuguliwa kuliko rangi yoyote ya fedha niliyowahi kununua.

Lile bunda la fito juu ya kifaru ni nini, na nalitengenezaje?

Mahandaki ya Wajerumani huko Cambrai yalikuwa mapana mno kwa kifaru. Kwa hiyo kila kifaru kilipewa bunda la fito zilizobanwa kwa minyororo, refu mita 3 hivi, nene mita 1.4, zito zaidi ya tani moja na nusu. Kikifika ukingoni kinaliangusha handakini na kupita juu yake. Siku hiyo vilikuwepo vifaru 476, na 378 kati yake vya kupigana.

Kwa 1/35 unahitaji bunda lenye urefu wa milimita 86 na unene wa milimita 40. Hapa sisi wa pwani tuna bahati: fagio la chelewa. Chelewa za ncha zina unene wa fito halisi kwa skeli hiyo, zina vifundo vyake, na hazinyooki sawasawa kama waya. Kata mamia, zifunge kwanza katika vibunda vidogo vidogo kwa uzi, kisha vibunda hivyo pamoja, maana ndivyo lilivyofungwa bunda halisi. Zungushia vipande vya mkufu wa bei rahisi mahali palipobanwa mnyororo. Ncha za fito zichovye kwenye kahawia iliyofifia; mti uliokatwa Novemba hauna ukijani.

Ile boriti iliyo nyuma ya paa je?

Ni ya kujinasulia. Kifaru kikizama, wafanyakazi waliifunga kwenye minyororo, nayo ikapita chini na kukipa kitu cha kukanyaga. Zile reli mbili zinazopita juu ya paa ni njia yake. Kijiti cha aiskrimu kilichokatwa na kukwaruzwa kwa wembe kinafaa. Ipige alama za kuumwa na chuma pembeni. Iliteseka kuliko sehemu yoyote.

## Ukikwama

Kifaru changu kinabembea mbele na nyuma juu ya ubao. Nimekosea?

Hujakosea. Tumbo la Mark IV limepinda kama sehemu ya gurudumu kubwa sana. Kwenye ardhi ngumu kilisimamia sehemu fupi tu ya minyororo, ndiyo maana kiligeuka kwa urahisi kiasi. Kwenye tope kilizama na minyororo mirefu zaidi ikashika. Kama unakiweka kwenye ubao mtupu, kibandike kikiwa kimeegemea nyuma kidogo. Kama unajenga ardhi, kizamishe milimita tatu au nne na urundike udongo pembeni mwa minyororo. Kifaru kilichoelea juu ya tope kama kikombe juu ya meza huharibu kazi yote.

Naweza kuigeuza Mark IV kuwa Mark I?

Inawezekana, lakini nunua tu Mark I. Mizinga ya Mark I ni mirefu zaidi, mabanda ni tofauti, egzosi haina saelensa, na mwaka 1916 kulikuwa na magurudumu mawili ya usukani nyuma. Tangi la petroli la Mark IV, lile boksi la deraya kati ya pembe za nyuma, halipo.

Naweza kujenga Mark IV ya Wajerumani?

Ndiyo, na historia iko upande wako. Wajerumani walijenga A7V 20 tu, kwa hiyo vifaru walivyoteka vilikuwa vingi kuliko vya kwao. Walipaka misalaba mikubwa, na vingi vikapata mabaka. Tafuta picha ya kifaru kimoja na uifuate yote. Kubuni hapa ni hatari zaidi kwa sababu kila kimoja kilipakwa kivyake.

Bamba limepinda. Linanyooka?

Kama ni jua la dirishani au kiti cha gari, lichovye kwenye maji ya moto yasiyochemka, lisubiri lilegee, kisha libane kati ya vitabu viwili hadi lipoe. Likiwa limejikunja kabisa, tengeneza jipya kwa karatasi ya plastiki. Kifaru kilichokamilika kiweke mbali na dirisha la magharibi.

Nataka kujenga Deborah kama ilivyo leo. Nitafanyaje?

Hapo ndipo unapoweza kusahau niliyosema kuhusu kutu. Deborah, jike, D51, iliingia Flesquières tarehe 20 Novemba 1917 na kupigwa na mizinga. Watano kati ya watu wake wakafa. Ilizikwa ardhini, ikafukuliwa mwaka 1998, na tangu Novemba 2017 ina jumba lake hapo hapo kijijini.

Anza na boksi la jike. Mabamba yaliyopasuka yafanye membamba kwa nyuma kwa msasa mpaka mwanga upite, kisha yakunje kwa ncha ya kisu kilichopashwa moto. Plastiki nene haipasuki kama chuma cha milimita 12. Usiache rangi ya kahawia ya jeshi hata mahali pamoja. Weka tabaka nne za kutu, kuanzia nyeusi yenye zambarau, na ya chungwa iwe ya mwisho na haba, kwenye mikunjo tu. Tope usiweke. Ubao wake uwe sakafu tupu, laini, ya kijivu. Ukitaka kuandika kibao cha jina, andika D51 na tarehe, na uache nafasi ya mistari mitano chini yake. Wale watano wamezikwa makaburini karibu na jumba lenyewe, na majina yao yako kwenye mawe.